Barua kwa mwanangu Rehema: siku zako tatu Berlin na mjusi wetu wa Tendaguru

Mwanangu mpenzi Rehema,

Assalaam alaykum. Sisi huku Lindi hatujambo. Mama yako na wadogo zako wanakusalimu sana, na bibi yako haachi kuuliza kama baridi ya huko imepungua. Ujumbe wako nimeupata na umenifurahisha: wewe na mwenzako mmepata nafasi, Ijumaa hadi Jumapili, mtoke Leipzig mkatembee Berlin, muone makumbusho, mnunue vitu viwili vitatu. Umeniuliza nilikuwa naizungukaje Berlin nilipokuwa nasoma huko. Kwa simu tutakatishana maneno, kwa hiyo nakuandikia.

Kwanza kabisa, asubuhi ya Jumamosi usiipangie kitu kingine. Hiyo ni ya Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na miamba, Invalidenstraße namba 43. Jumamosi na Jumapili hufunguliwa saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hufungwa. Nendeni mlango unapofunguliwa, kwa sababu kufika saa sita ukumbi unakuwa umejaa familia na watoto, na mimi nataka umwone mjusi wetu kwa nafasi.

Utamkuta ukumbi wa mbele, chini ya paa la kioo. Sote tuliozaliwa Lindi tumekua tukisikia habari zake, lakini kumwona ni jambo lingine. Kimo chake ni mita 13.27, na hakuna mifupa mingine ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani inayomfikia kwa kwenda juu. Wataalamu humwita Giraffatitan brancai. Zamani alijulikana kama Brachiosaurus. Aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, na mifupa unayoiona pale si ya mnyama mmoja tu, imekusanywa kutoka kwa kadhaa wa aina yake ili umbo likamilike. Walimsimamisha mwaka 1937. Wenzake wadogo waliomzunguka, kama Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni na Dicraeosaurus, nao ni wa Tendaguru. Wageni wengi hupiga picha na kupita bila kujua kwamba karibu ukumbi wote ule umetoka kilima kimoja, mwendo wa kilomita kama 60 kutoka hapa nilipokaa.

Sasa nisikilize vizuri, mama. Vitabu vimezoea kusema Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913. Wasomi wao walikuwepo, ni kweli. Lakini walioshika majembe, waliofukua mfupa kwa uangalifu usivunjike, waliousafisha na kuufunga, ni watu wa kwetu, mamia kwa mamia, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa kwa mianzi na udongo au plasta, ikabebwa kichwani na mabegani; mikubwa ikaning'inizwa kwenye miti na kubebwa na watu kadhaa. Reli haikuwepo wala gari. Walitembea siku kadhaa porini mpaka bandarini Lindi, wakatua, wakarudi kuchukua mingine. Mzigo wote uliokwenda Ujerumani ulizidi tani 200. Na kumbuka hiyo ilikuwa miaka gani: vita vya Maji Maji vilikwisha 1907, mashamba ya Kusini yalikuwa yamechomwa, na njaa ilikuwa imeua watu wengi kuliko risasi. Waliobeba mifupa ile ni watu waliokuwa wametoka kuzika ndugu zao.

Kwa hiyo ukifika pale usitazame kichwa tu kule juu. Shuka na macho mpaka kwenye mkono wa mbele, mfupa wa kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Una urefu wa zaidi ya mita mbili. Simama sambamba nao uone unakufika wapi, kisha fikiria mfupa wa namna hiyo, ukiwa jiwe tupu, unavyoshushwa mabonde na kupandishwa vilima mpaka pwani. Halafu soma maelezo yote ukutani, taratibu, Kijerumani chako sasa kinatosha. Tafuta majina ya watu wetu. Ukiona la Boheti limeandikwa, lipige picha unitumie. Usipoliona, muulize mhudumu kwa adabu ni wapi habari za wachimbaji na wapagazi zinapatikana. Ni haki yako kuuliza.

Suala la huyu mjusi limefika bungeni kwetu zaidi ya mara moja. Wapo wanaotaka arudishwe, wapo wanaosema gharama ya kumhifadhi hatutaiweza. Mimi naamini Lindi inastahili makumbusho yake, yenye mifupa halisi na historia yote ya uchimbaji, ili mtoto wa Mipingo, kijiji cha jirani na Tendaguru, asilazimike kupata viza ndipo aone kilichotoka shambani kwa babu yake. Jambo hili linaniuma, na nitafurahi likikuuma na wewe.

Mkitoka hapo makumbusho, msibadilishe njia. Kituo cha treni ya chini ya ardhi kiko jirani na kinaitwa Naturkundemuseum, kwenye laini ya U6. Pandeni ya kwenda kaskazini, mshuke Afrikanische Straße bila kubadili treni. Mtakuwa mmefika Wedding, mtaa wenye barabara zilizopewa majina ya Kiafrika enzi za ukoloni: utaona Sansibarstraße, utaona Ugandastraße. Nilipokuwa huko, barabara moja pale ilikuwa Petersallee, na kila nilipoipita moyo ulikuwa unanienda mbio, kwa sababu Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, ndiye yule wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Agosti 2024 jina hilo limeondolewa. Sehemu moja ya barabara sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke shujaa wa Namibia, na nyingine ni Maji-Maji-Allee. Watu weusi wanaoishi Berlin na majirani zao walilipigania jambo hili kwa miaka mingi. Nataka picha yako umesimama chini ya kibao cha Maji-Maji-Allee, uso uonekane vizuri, nimpelekee bibi yako.

Usafiri usikutie hofu. Tiketi yako ya mwanafunzi, ikiwa ni ile ya Ujerumani nzima, inakubalika kwenye treni za mikoani na kwenye U-Bahn (treni za chini ya ardhi), S-Bahn (treni za mjini), tramu na mabasi yote ya Berlin. Kwenye ICE, treni ya mwendo kasi, haikubaliki hata kidogo. ICE kutoka Leipzig ni kama saa moja na robo, na nauli yake ni nafuu ukikata mapema. Treni za mikoani zinachukua muda mrefu na mara nyingi mtabadilisha njiani, lakini hutoi senti ya ziada. Mimi ningekwenda na ya mikoani asubuhi mapema ili fedha ibaki kwa matumizi.

Mwenzako kama hana tiketi kama yako, anunue ya saa 24 ya eneo AB. Berlin imegawanywa A, B na C, na yote mnayokwenda kuyaona yako ndani ya AB. C ni ya kwenda uwanja wa ndege wa BER au Potsdam. Akinunua ya karatasi lazima aigonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Vituo vya kule havina geti, unaingia moja kwa moja hadi kwenye treni, wala hakuna konda wa kukudai kama kwenye daladala. Ndiyo maana wageni hujisahau. Wakaguzi mara nyingi huvaa nguo za kiraia, huingia kimya, milango ikishafungwa ndipo hutoa vitambulisho. Faini ni euro 60, na kusema sikujua hakusaidii.

Kuhusu manunuzi, jueni kwamba Jumapili maduka Ujerumani hufungwa kwa sheria, isipokuwa machache kama yale ya stesheni kubwa. Kwa hiyo manunuzi ni Ijumaa. Mkishafika na kuweka mizigo, nendeni soko la Maybachufer, kando ya mfereji, ambalo huwa Jumanne na Ijumaa. Shukeni Schönleinstraße kwenye U8. Wauzaji wengi ni Waturuki: mizeituni, mikate, viungo, mboga, na vitambaa vya kila namna. Jioni wakikaribia kufunga bei hushuka sana, hata matunda huyauza kwa kreti. Msikiti wa Şehitlik, ulioko Columbiadamm, hauko mbali na hapo, ukipenda kuswali Ijumaa kabla ya soko. KaDeWe, lile duka kubwa la tangu 1907, mkipata muda lipiteni kwa macho tu. Bei zake si za mwanafunzi.

Mkimaliza sokoni tembeeni hadi upande wa Hermannplatz mkaitafute Lucy-Lameck-Straße. Zamani ilikuwa na jina la Wissmann, yule aliyepeleka majeshi pwani yetu wakati wa vita vya Abushiri, na Abushiri akanyongwa Pangani mwaka 1889. Tangu 2021 ni ya mama yetu Lucy Lameck, mwanamke wa kwanza wa nchi yetu kuingia katika safu ya mawaziri na manaibu wao.

Jumapili iwe nyepesi. Chagueni kimoja kati ya viwili. Neues Museum yupo Nofretete, malkia wa Misri, na tiketi yake mkate mtandaoni mapema kwa sababu huingizwa watu kwa saa maalumu. Humboldt Forum, ndani ya kasri lililojengwa upya, ndiko kuliko na vitu vya Afrika, na vingine vimetoka kwetu wakati wa vita. Ningekuwa wewe ningekwenda Humboldt Forum, hasa baada ya Rais Steinmeier wa Ujerumani kwenda Songea Novemba 2023 na kuomba radhi kwa yaliyotendeka wakati wa Maji Maji. Nenda ukaone walioombwa radhi wana vitu gani mle ndani. Pergamonmuseum msijisumbue nalo, limefungwa kwa matengenezo makubwa tangu Oktoba 2023. Baadaye pandeni basi namba 100, mkae ghorofa ya juu kiti cha mbele. Ni basi la kawaida la nauli ya kawaida, ila linapita Lango la Brandenburg na majengo mengi ambayo watalii hulipia mabasi ya bei kubwa kuyaona. Miguu ikiwa bado ina nguvu, tramu ya M10 itawafikisha Mauerpark, kwenye mnada wa mitumba wa kila Jumapili. Hapo bei ni ya kuelewana, na najua ujuzi huo umeurithi kwa mama yako.

Mama yako naye ana maombi. Anashona sare za shule na zipu za hapa zinamharibikia mapema, kwa hiyo ukiwa Maybachufer mtazamie zipu za chuma za nyeusi na bluu ya kiza, za sentimita 20, na mita tatu za kitambaa cha ndani, rangi ya maziwa. Ukikuta bei imezidi, ziache, ataelewa. Fedha kidogo nimemkabidhi mjomba wako akutumie, na ya kula iwe mbali na ya kununulia vitu. Nijulishe treni utakayopanda ya kwenda na ya kurudi, na jina la mahali mtakapolala.

Ni mimi baba yako,
Lindi