Kwa nini hatukufungulii PIN ya KRA kwa imeili yetu, hata ukikasirika

Wiki jana mama mmoja katoka hapa saiba yetu (duka la intaneti na kopi) akisema mpaka nje barabarani ati sisi ni wezi, maanake kumfungulia mwanawe PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) tulimwambia shilingi 300 na kwengine kaambiwa 150, halafu juu ya hiyo 300 twataka kijana mwenyewe aje, na simu yake, na laini iko hewani. Yeye alikuwa na kitambulisho cha kijana tu mkononi na haraka ya kuwahi feri. Mama, kama wasoma hapa, wallahi sikukasirika, lakini wacha nieleze kwa sababu maneno haya nayasikia kila wiki na si kwako peke yako.

Iko hivi. PIN yafunguliwa kwa imeili. Paswadi ya iTax (mtandao wa kodi wa KRA) yatumwa kwa hiyo imeili, na siku ukiisahau ni huko huko utakotumiwa ya kubadilisha. Sasa mteja hana imeili, ama anayo na hakumbuki jinsi ya kuingia, foleni ndefu, mhudumu afanya nini? Aweka imeili yake yeye. Dakika kumi cheti kishatoka kwa printa, umelipa kidogo, umeenda zako umefurahi. Lakini mwenye akaunti si wewe, ni yeye. Namba ya kitambulisho chako anayo, tarehe yako ya kuzaliwa anayo, na wahudumu wa saiba hawakai mahali pamoja, akiondoka aondoka navyo.

Nilipata kijana wa Kisauni kapata kazi, ofisi yamtaka PIN na retani (hesabu ya kodi ya kila mwaka). Alifunguliwa 2019, na ile saiba yenyewe sai pale ni duka la mabati, hakuna hata wa kumuuliza. Imeili si yake, namba ya simu iliyowekwa si yake. Mimi sikuweza kumsaidia, ilibidi aende KRA mwenyewe na kitambulisho, akarudi, akaenda tena, na ile miaka ambayo retani haikuingia kila mmoja una faini yake ya shilingi 2,000. Alipofungua alilipa 100 tu. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hivyo kwetu hiyo 300 ni hivi: kama huna imeili twakufungulia yako, kwa simu yako, paswadi waandika wewe na mimi nageuka naangalia kwengine. Waipima hapo hapo kwa kuingia na kutoka mara mbili ili nijue umeshika. Yachukua dakika arobaini na kompyuta moja imekaa kwako peke yako. Na ukiniambia "we niwekee tu yako nitabadilisha baadaye", jibu ni hapana, kwa sababu miaka yote niliyofanya kazi hii sijamuona aliyerudi kubadilisha.

Jambo la pili ni kopi. Watu wauliza mbona kopi ya kitambulisho kwetu ni 10 na kwengine ni 5. Siku moja nimenunua viazi karai Majengo, kufungua karatasi naona uso wa mtu, jina, namba, mbele na nyuma, kitambulisho kizima kimelowa mafuta. Ni kopi iliyoharibika kwa mashine, ikatupwa kwa boksi, boksi likauzwa kwa kilo. Tangu siku hiyo nikanunua mashine ya kukata karatasi na haikuwa bei rahisi. Kopi mbovu hapa yakatwa mbele yako, na kama sijaikata nidai. Na ile kopi nzuri usiitoe tupu, piga mstari juu yake uandike ni ya nini, ya nani na tarehe, kwa mfano "ya kukodi nyumba Bamburi tu", wino upite juu ya maandishi lakini uso uonekane. Mtu akiichukua kwenda kuombea mkopo haimfai.

Wale wa kutuma picha ya kitambulisho kwa WhatsApp, mimi nikishachapisha nafuta, lakini na nyinyi futeni upande wenu. Na ukifungua WhatsApp yako kwa kompyuta ya saiba, yoyote ile, usitoke bila kuangalia kwa simu vifaa vilivyounganishwa. Asubuhi nikiwasha mashine nakuta ya mtu wa jana iko wazi, na hayo ni mazungumzo yake yote na picha zake.

Halafu bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ni bure na sikuchaji kukuonyesha. Dada mmoja muuza samaki alibonyeza hapa akiwa na laini mbili, akaona tano. Zile tatu ni za nani, na zafanya nini huko? Siku mtu akitapeliwa kwa moja ya hizo, jina linalotoka ni la huyu dada. Tulizichukua namba akaenda nazo kwa kampuni ya laini siku hiyo hiyo. Wa Safaricom pia mbonyeze *100*100#, ili laini yenu isiswapiwe (namba kuhamishwa kwa kadi nyingine) na ajenti mtaani bila nyinyi kujua. Maanake anayeshika laini yako ashika M-Pesa, na mesej za benki zamfikia yeye.

Sheria iko, ile ya makosa ya mtandao ya 2018 kwa anayetumia kwa hila paswadi ama utambulisho wa mwenzake, faini hadi 200,000 ama jela hadi miaka mitatu ama vyote viwili, na ile ya kulinda data ya 2019 yanibana hata mimi ninayeshika data yako. Sitaki kesi, na sitaki jina lako liwe kwa daftari langu.

Mama wa feri, kijana akipata nafasi mwambie aje na simu iliyo na chaji. Jumamosi twafungua saa mbili, na kabla ya saa nne foleni huwa fupi. Bei ni ile ile 300, na *106# nitawabonyezea nyote wawili.