Barafu ya Kilimanjaro tuipige picha kwa karibu

Mhariri, habari za kazi.

Mimi ni mtu wa mlimani, nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka sita nikiwa mgumu, ndivyo tunavyoitwa wapagazi, na sa hivi ni msaidizi wa waongoza wageni. Naandika kwa sababu ya picha. Kila mkitoa habari za mlima mnaweka zile zile, tembo mbele Kibo nyuma, au watu wamesimama kwenye kibao cha Uhuru na bendera. Ni nzuri sikatai, ila barafu yenyewe humo haionekani, unaona weupe tu, na weupe mwingine ni theluji iliyodondoka jana usiku ambayo mchana itakuwa imeshapotea. Theluji na barafu ni vitu viwili. Theluji inakuja na kuondoka, barafu ya kule juu ilikuwepo kabla ya babu wa babu zetu.

Mimi nilianzia kwenye ndoo. Kambi ya Barafu iko mita 4,673 na haina maji, tunayabeba kutoka bonde la Karanga, na ndoo ikilala nje asubuhi unaikuta imeganda juu. Siku moja nimetumwa maji ya chai, nikamulika na tochi ya kichwani nikaona juu ya ile ndoo mistari imejipanga kama jani la mgomba, uti mmoja mnene katikati na mingine myembamba inatoka pembeni mpaka kwenye ukingo, yani imenyooka utadhani kuna mtu kaichora. Mpishi ananiita mi nimesimama tu. Nikapiga na simu, na tangu siku hiyo nikipanda naangalia chini kuliko ninavyoangalia kilele. Ule udongo unaolia kwacha kwacha chini ya buti asubuhi, kumbe ni sindano za barafu, maji ya ardhini yameganda usiku yakasukuma juu na kila sindano imebeba changarawe yake kichwani, ukipiga magoti ni msitu mzima ule. Jua likishashika hamna kitu, ni tope.

Ila mambo yenyewe yako kreta, lile shimo la volkano kule juu Kibo. Wageni wengi hawafiki, wanapanda usiku, wanapiga picha ya kibao robo saa, wanashuka. Mimi nimebahatika kulala kreta mara kadhaa na vikundi vinavyolala huko, karibu kabisa na ile barafu inayoitwa Furtwängler, jina la Mjerumani aliyepanda mwaka 1912. Pale unasimama mbele ya ukuta. Kuna mistari ya vumbi imelala tabaka juu ya tabaka, kuna sehemu nyeupe kama povu la mbege kwa sababu ya vipovu vya hewa vilivyobanwa humo tangu ikiwa theluji, kuna sehemu haina vipovu ni bluu mpaka ndani, na juu yake jua limekata barafu ikawa kama visu vimesimamishwa. Hewa ya kule ni kavu mno, kwa hiyo sehemu ya barafu haiyeyuki hata ikawa maji, inageuka mvuke moja kwa moja, ndo maana inakatika kwa maumbo yale. Nilikaa pale mpaka vidole vikafa ganzi.

Niliporudi Moshi nikapeleka picha nne kwa mtu mmoja anayetengeneza kalenda za utalii. Akazigeuza geuza akaniuliza hii ni picha ya nini, mlima uko wapi? Nikamwambia ndo mlima wenyewe huo. Akasema hamna mtu atanunua picha isiyo na kitu. Iliniuma, na mpaka leo sikubaliani naye, maana nilivyomuonyesha mama yangu mdogo, ambaye kazaliwa Marangu na mlima anauona kila siku akiamka, alikaa nazo muda mrefu sana. Mara akasema hii kama mto ukiuangalia toka juu, mara hii kama mifupa ya samaki, mwisho akauliza kwa hiyo mstari mmoja huu mweusi ni mwaka mmoja? Hilo ndo swali lenyewe! Tembo na Kibo havijawahi kumfanya aulize.

Nilimjibu kwa ninavyojua. Mwaka 2000 wanasayansi wa Marekani wakiongozwa na Lonnie Thompson walitoboa barafu za kule juu Kibo wakatoa nguzo sita za barafu, na kwa hesabu zao ya chini kabisa ina miaka kama 11,700, na kuna tabaka la vumbi walilosema ni la ukame mkubwa wa miaka kama 4,000 iliyopita. Mwaka 1912 barafu yote ya mlima ilikuwa kilomita za mraba kama 12, kufika 2011 haikufika hata 2. Kwa hiyo ukuta ninaoupiga picha leo ukiondoka umeondoka na mistari yake, hautarudi.

Ombi langu kwako mhariri, tengeni nafasi hata robo ukurasa kwa picha ya barafu ya karibu, na chini yake muandike mahali, mwezi na mwaka. Na wagumu wenzangu na waongozaji mnaosoma hapa, simu tunazo, tuzitumie. Simu ilale ndani ya koti karibu na mwili la sivyo chaji inakufa kwa baridi. Usipumulie lenzi, inaganda. Barafu ikitoka ya kijivu usilaumu simu, inadanganywa na weupe, gusa kioo halafu ongeza mwanga. Flashi zima. Pigeni jua likiwa chini, linapita ubavuni mwa barafu na kila mkunjo unatoa kivuli, mchana ni kung'aa tu. Mwezi wa 12 jua linakaa upande wa kusini kwa hiyo kuta zinazotazama kaskazini zina kivuli na ile bluu inaonekana vizuri, mwezi wa 6 ni kinyume chake. Piga mbili, ya kwanza weka glavu pembeni ijulikane ukubwa, ya pili barafu peke yake. Halafu safari nyingine rudi pale pale. Na jamani msisogee chini kabisa ya ukuta, mapande yanadondoka bila kupiga hodi.

Nimewaletea tatu. Ya kwanza ni ile ndoo. Nyingine mbili nimepiga kutoka kwenye jiwe moja kule kreta, zimepishana mwaka mmoja na miezi miwili, linganisheni ule mstari mweusi wa vumbi upande wa kulia. Kwenye ile ya zamani unafika mpaka mwisho wa picha, kwenye ile ya karibuni unakatika katikati, baada ya hapo ni mchanga.

Napanda tena mwezi wa 2, nikipata kikundi kinacholala kreta nitapita kwenye lile jiwe niwaletee nyingine ya pale pale.

Ni mimi, mgumu wa zamani, Marangu