Ile Picha Uliyonitumia Kutoka Durango

Marahaba, mwanangu.

Shikamoo yako niliipata pamoja na ile picha. Niliitazama kituoni nikisubiri abiria, nikaitazama tena nyumbani kwa miwani. Mama yako aliona meno tu. "Mtoto kanenepa," akasema, akarudi kwenye maharage yake. Mimi niliona mlima ulio nyuma yenu. Kule juu ukingoni upepo umejenga paa la theluji linaloning'inia hewani, na chini ya paa hilo mteremko mweupe hauna mti hata mmoja, ilhali pembeni misonobari imesongamana. Hukujiuliza miti ya pale katikati ilikwenda wapi? Ilifagiwa na poromoko, theluji inayoshuka mlimani yote kwa mpigo. Nanyi mmesimama chini yake, mmekumbatiana, mnacheka.

Ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwenye simu ungenijibu "sawa baba," tukahamia kwenye mpira.

Najua utasema mzee ni mtu wa Marangu, theluji aliiona kwa mbali juu ya Kibo. Si kwa mbali sana. Nilibeba mizigo ya wageni misimu minne kabla sijaondoka, na huku Salt Lake City nimeendesha basi la wanaskii, wale wanaoteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu za miguuni, miaka 9 kwenye korongo la Little Cottonwood. Barabara ile maporomoko ya theluji yanaijua vizuri. Kwa miaka mingi watu wa barabara walikuwa wakiipiga milima kwa mizinga ya kijeshi, ili theluji ishuke kabla ya magari kupita. Nimekunywa chai nyingi nyuma ya usukani nikisubiri mizinga imalize. Na pale Alta, kijiji cha wanaskii kule juu ya korongo, hatari ikizidi, wanatoa amri hakuna kutoka mlangoni, hata kama gari lako unaliona dirishani. Februari 2021 watu walifungiwa ndani zaidi ya siku mbili.

Huko kwenu Colorado ni pabaya zaidi. Hakuna jimbo la Marekani lililozika watu wengi wa maporomoko kama hilo, na chanzo chake kimelala chini kabisa, kwenye theluji ya Oktoba na Novemba. Inaanguka haba, kisha zinafuata wiki za anga safi na baridi kali. Ardhi ina joto kidogo, hewa ya juu inauma, na ile theluji iliyobanwa katikati inageuka chenga kama sukari. Ukiifinyanga kiganjani haishikani. Ikija Januari inaanguka nyingine nzito, upepo unaishindilia mpaka inakuwa kama ubao. Mwalimu mmoja alitueleza hivi, nami nikaja kujaribu jikoni: nikamwaga sukari kwenye sinia, nikalaza kamusi juu yake, nikainua sinia upande mmoja polepole. Kamusi ikatulia, ikatulia, halafu ikaondoka yote kwa mpigo mpaka sakafuni. Mama yako alinisema wiki nzima kwa ile sukari.

Mlimani anayeinua sinia ni mtu. Katika ajali za kuua, mara 9 kati ya 10 poromoko huanzishwa na aliyefukiwa mwenyewe au mwenzake. Na miteremko inayoporomoka sana ni ya nyuzi 30 hadi 45, ile ile mnayoitafuta kwa skii zenu. Simu yako ina kipimo cha pembe, kitumie. Na usidhani ni lazima uwe juu ya mteremko. Ile sukari ikivunjika chini ya mguu wako penye tambarare, mpasuko unaweza kukimbia hadi juu ukauangusha mlima kichwani kwako. Mkikanyaga mkasikia theluji inaguna "vuum" chini yenu, au mkaona ufa unakimbia mbele ya skii, hapo hakuna kikao cha kujadiliana, mnageuka. Vilevile mkiona mteremko wa jirani umeporomoka jana.

Kila asubuhi soma taarifa ya kituo cha maporomoko cha Colorado. Ngazi za hatari ni tano, na inayonitisha mimi ni ya tatu, ile ya rangi ya machungwa. Kwa akili ya shule, 3 kati ya 5 ni wastani, umefaulu. Ikitangazwa 4 wengi wanabaki nyumbani, lakini kwenye 3 watu wanatoka, na ndipo wengi wanapofia. Wala usiniambie wenzako ni wazoefu. Tarehe 6 Februari 2021, hapa hapa karibu na mji wetu, kwenye mteremko wa Wilson Glade, poromoko liliwakumba watu wa makundi mawili, jumla wanane, wote wenye vifaa na uzoefu. Wanne hawakurudi. Asubuhi ile niliwaona wengine kama wao wakipakia skii kwenye basi langu, wanacheka vile vile kama nyie.

Kuhusu vifaa, sitaki kusikia habari ya bei. Kile kiredio cha kuvaa kifuani kinachotuma na kupokea mawimbi, fimbo ndefu ya kukunja ya kuchokonoa theluji, na beleshi la chuma. Kila mtu awe navyo vyote vitatu, kwa sababu aliyefukiwa ni nadra sana ajichimbue. Theluji ikisimama inamgandia kama zege, hata kidole hakisogei. Akitolewa ndani ya dakika 10 au 15, uwezekano wa kupona ni mkubwa. Baada ya nusu saa ni mmoja kati ya watatu. Helikopta haifiki kwa muda huo. Atakayekuchimbua ni yule aliyesimama kulia kwako kwenye picha, yule wa kofia nyekundu. Je, anajua kutumia beleshi? Muulize.

Barabarani pia. Ukienda Silverton na Ouray kwa ile barabara namba 550, utaona kumbukumbu ya madereva wa magari ya kuondoa theluji. Poromoko moja tu, East Riverside, limeua madereva watatu, 1970, 1978 na 1992. Huyo wa 1992 alikuwa na mwenzake, walishuka kushughulikia mnyororo wa tairi, wakafukiwa wote wawili. Yule mwenzake alijichimbua kwa tochi, ikamchukua saa 18. Kwa hiyo penye kibao cha kukataza kusimama, husimami, hata simu ikiita na ni mimi. Na gari likikwama kwenye tufani ya theluji, kabla ya kuwasha injini upate joto, toka uondoe theluji kwenye bomba la moshi. Bomba likiziba moshi unarudi ndani ya gari, na sumu yake haina harufu ya kukuamsha.

Baridi yenyewe niliijua kule Kilimanjaro, kambi ya Barafu, usiku mmoja. Mbeba mizigo mwenzangu alinyeshewa tangu kambi ya Karanga akiwa na sweta la pamba, akalala nalo. Alikuwa anatetemeka hadi kikombe kinagonga meno. Kisha akaacha kutetemeka. Mimi nikafurahi, nikadhani amepata joto. Akaanza kufungua vifungo vya koti, anasema hapa kuna jua. Mpishi wetu, mzee wa Old Moshi, alinisukuma nikaangukia masufuria. Akamvua zile nguo mbichi zote, akamvika kavu, akamtia kwenye begi la kulalia na kulala naye humo humo. Mtu mmoja akaleta konyagi. Mzee akaimwaga nje. Alipoweza kushika kikombe mwenyewe ndipo akapewa chai ya sukari nyingi. Leo ana duka la mbolea Himo, lakini kwa muda ule alikuwa anakwenda, nami nimekaa pembeni natabasamu. Pamba usivae kabisa, vaa sufu. Na anayeacha kutetemeka ghafla, anayejikwaa, anayeongea kama mlevi, usimwamini akisema yuko sawa.

Beleshi nimeshalinunua, litafika Alhamisi au Ijumaa. Mama yako ametia humo soksi na kitu kingine alichokataa kuniambia. Jumamosi mkitoka, niandikie mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi, na yule wa kofia nyekundu naye awaandikie wazazi wake.

Baba yako