Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: gumba la kulia nalitoa wapi?

Mheshimiwa Waziri, kwanza pole na majukumu. Naandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto kwenye simu, herufi zikiruka unisamehe.

Jana nimeenda mara ya nne kufuatilia maombi yangu ya mkono wa bandia, nikapewa fomu mpya, chini kabisa imeandikwa weka alama ya kidole gumba cha kulia. Mheshimiwa, mkono wa kulia ndio huo ninaouomba! Nikamwonyesha dada wa kaunta kigutu changu, akakitazama, akasema kaka mfumo ndo unavyotaka.

Na majibu yenyewe? Nimekataliwa, eti mkono unaoendeshwa na neva, yaani mishipa ya fahamu, uko kwenye orodha ya anasa halafu "bado uko kwenye majaribio". Majaribio gani jamani, Jesse Sullivan wa Marekani alipoteza mikono yote miwili 2001 kwa kupigwa na umeme kazini, madaktari wa Chicago wakachukua neva zilizokuwa zinashuka mkononi wakaziunga kwenye misuli ya kifua, akiwaza kufunga kiganja msuli unacheza, vihisi vinanasa, mkono wa bandia unafunga. Zaidi ya miaka 20 hiyo! Sawa, ule mguu wa bandia wa Mmarekani mwingine, Zac Vawter, aliopandia ghorofa 103 mwaka 2012 ulikuwa wa majaribio kweli, ila 2014 mkono wa bandia wa kampuni ya DEKA ulishapewa kibali cha kuuzwa kule Marekani.

Mimi nina ndoano ya chuma inayovutwa na kamba ya begani. Vifungo vya shati nafunga kwa meno. Na neva zangu hazijafa mheshimiwa, usiku vidole ambavyo havipo vinawasha, naamka nakuta nakuna shuka.

Siku ile umekuja kutuahidi hakuna atakayeachwa nyuma wenzangu walikupigia makofi, mimi nilipiga paja, unakumbuka? Sidhani. Nahisi waliopanga hiyo orodha ya anasa hawajawahi kuona kigutu, au kuna mtu anakula kwenye hizi ndoano, sijui.

Naomba hilo neno anasa litolewe. Ikishindikana basi nionwe na daktari anayejua neva, hata kupimwa tu. Na kama hilo nalo ni zito, waambie watu wako wapokee gumba la kushoto, Jumatatu narudi pale kaunta.