Dada, kuhusu hiyo dawa ya usonji

Da mkubwa shikamoo,

Voisi zako zote nimezisikiliza, ile ndefu na ile uliyotuma usiku ukiwa unanong'ona ili dogo asiamke. Nimeona bora niandike maana kwenye simu tunakatizana, we unaanza kulia na mimi naishiwa maneno, tunakata hatujamaliza kitu.

Umeuliza kama huku kuna dawa ya usonji (autism) wa mwanao, na kama hiyo chupa unayouziwa ni ya kweli. Halafu mwishoni ukasema kama vile unajisemea mwenyewe tu, "hivi mwanangu angeweza kuongea si angetuambia nitafutieni dawa?" Hilo la mwisho ndo limenikalisha hapa, haya mengine nayamaliza faster.

Dawa ya usonji hakuna. Sio huku, sio popote. Kuna dawa za kutuliza hasira na kujiumiza, kwa mfano risperidone, Marekani waliiruhusu kwa watoto wenye usonji mwaka 2006, lakini hiyo haiugusi usonji wenyewe na ina mambo yake, mtoto ananenepa balaa, anasinzia, kwa hiyo ni ya daktari sio ya kuambizana. Usonji ni namna ubongo ulivyojengeka, mtu anazaliwa nao na sehemu kubwa ni vinasaba. Hukula kitu kibaya, hukukosea popote, na chanjo haihusiki, yule daktari Andrew Wakefield aliyeanzisha stori kwamba chanjo inaleta usonji mwaka 1998, jarida la Lancet lililomchapisha liliifuta makala yake 2010, na mwaka huohuo Uingereza wakamfuta kwenye orodha ya madaktari. Watu wanaforwadi mpaka leo, wacha waforwadi.

Hiyo chupa nisomee lebo yake. Ukikuta klorini daioksidi, au wameandika matone ya madini ya muujiza sijui nini, hiyo ni blichi dada, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kabisa mwaka 2019 kwamba watu wasinywe. Na huyo jamaa akianza habari za dripu ya kutoa metali mwilini, ondoka hapo. Mwaka 2005 kuna mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alifariki Marekani kwa tiba kama hiyo. Akikuona una mashaka atakwambia "wewe hutaki mwanao apone", wanajua mama akiambiwa hivyo anatoa hela.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe.

Kazi yangu unaijua, nashinda na watu wazima wenye usonji, majina sitaji. Wengine wanaongea kuliko redio, mwingine neno halitoki mdomoni ila ana tableti anaandika. Hilo swali nimewahi kuwauliza wale tunaoelewana, kwamba ikija dawa leo utameza? Nilidhani watanijibu ndiyo au hapana.

Kuna kaka mmoja aliniuliza kwanza, "inaanza kuondoa nini?" Nikamwambia sijui, chagua wewe. Akasema iondoe ile mashine ya kukaushia mikono ya vyooni, yaani ule mlio kwake ni kama mtu anamchoma sikioni, akiusikia anakuwa hafai siku nzima, na iondoe ile hali ya kukwama akitaka kuanza kitu, mfano anajua anatakiwa kuoga, anataka kuoga, ila mwili hauanzi. Lakini masikio yenyewe asiguswe. Huyuhuyu ndo alituambia friji la jikoni linakaribia kufa kwa sababu sauti yake imepanda kidogo, sisi tukamcheka, na kweli likafa. Kwa hiyo nikabaki nawaza, hayo masikio yanayomtesa chooni na hayo yaliyosikia friji si ni yaleyale? Utayatoaje moja ukaacha lingine. Na yeye analijua hilo, akasema basi wabadilishe mashine za chooni.

Mwingine ni mama mmoja wa kwenye tableti, anaandika kwa kidole kimoja, polepole sana, inabidi ufunge mdomo usimmalizie sentensi. Akaandika KIFAFA KWANZA. Baadaye akaandika USINGIZI. Nikamuuliza na usonji je? Akaandika MPIRA UNAANZA, interview ikaishia hapo haha. Lakini ona alichofanya, vitu viwili vinavyomtesa kweli vyote vina madaktari na dawa zake leo hii. Kifafa kinawapata watu wenye usonji kuliko watu wengine, na usingizi mbovu ndo usiseme.

Wa tatu sasa huyu nisimfiche, maana ungesema nakuchagulia majibu. Kijana, ana akili sana, anaongea vizuri, na anataka dawa, anaitaka jana. Kazi amefukuzwa, marafiki hawakai, mikusanyiko inamchosha mpaka analala siku nzima. Akisikia mtu anasema usonji ni utofauti tu tujivunie anakasirika, anasema nyie mnajivunia kwa mwili wa nani? Mimi simbishii. Kwa ninavyoona, sehemu ya mateso yake ni watu, bosi aliyemwona mjeuri kwa sababu hamwangalii machoni, ila sehemu nyingine ni yake kweli, na hata dunia nzima ikimpenda bado itamchosha.

Na hayo mabishano hayajaanza leo. Mwaka 1993 Jim Sinclair, ambaye ana usonji, alisimama Toronto mbele ya wazazi akawaambia usonji sio ganda ambalo ndani yake kuna mtoto mwingine amejificha. Ukitamani mwanao asiwe nao, yeye anasikia unatamani mtoto mwingine mahali pake. Ni maneno makali kwa mzazi, najua. Temple Grandin, profesa wa wanyama kule Colorado, ambaye hakuongea mpaka alipokaribia miaka 4, amesema waziwazi kwamba asingekubali kuondolewa. Hata lile shirika kubwa la Marekani, Autism Speaks, lililoanzishwa 2005 kwa ajili ya kutafuta tiba, mwaka 2016 lilitoa hiyo habari ya tiba kwenye malengo yake, baada ya kelele nyingi za wenye usonji wenyewe kwamba mnatusemea bila sisi.

Najua utakachosema hapa. Huyo ni profesa, wangu hata haja hasemi. Ni kweli, wanaosikika ni wale wenye uwezo wa kusema, na mama ambaye hajalala siku nyingi ana haki ya kuwauliza mnamsemea na mwanangu pia? Mimi mwenyewe hiyo hoja siidharau. Lakini dada, geuza upande wa pili, hata sisi tukisema angetaka dawa tunamsemea vilevile. Yule mama wa tableti kabla hajapewa tableti walimsemea miaka mingi, na walikuwa wanamwongelea kama mtoto mchanga mbele yake huku anasikia kila kitu.

Kwa hiyo hela uliyotaka kuipeleka kwenye chupa ipeleke huku: dogo apate njia ya kusema hapana. Anza na picha, chora hata kwa mkono, "imetosha", "kelele", "naumwa", "nataka ile". Ziwe mahali anapofikia, na akionyesha "imetosha" basi iwe imetosha kweli, usimwambie subiri kidogo, la sivyo atajua picha hazina kazi. Mtu asikutishe kwamba picha au tableti zitamfanya asiongee, tafiti hazijaonyesha hivyo, wengine zinawasaidia hata sauti kuja. Nami natafuta tableti iliyotumika, nikiipata nitatuma.

Na hilo ulilosema la dogo kujigonga kichwa ukutani usilihesabu kuwa ni usonji halafu ukaishia hapo. Mpeleke aangaliwe meno, masikio, na kama anapata choo, maana asiyeweza kusema naumwa anasema kwa kichwa. Mwambie daktari pia kuhusu zile dakika anazoduwaa ukimwita hasikii, mrekodi kwa simu umwonyeshe, isije ikawa kifafa cha kimyakimya. Hicho kina tiba, na nina uhakika kile mtoto angekikubali.

Mama msalimie, mwambie asimwagie mtoto maji ya maombi usoni, yanamkera, amwombee tu bila kumlowesha. Jumapili nitapiga video. Usimshike kichwa aangalie kamera, mwache azunguke zake, mi nitaongea na mgongo wake haina shida.

Mdogo wako