Watoro hawakungoja hati ya mtu

Mhariri,

Mjukuu wangu aliulizwa kwenye mtihani wa darasani: ni nani waliokomesha utumwa Afrika Mashariki? Akaandika, "Watumwa wenyewe, walitoroka." Akatiwa alama ya kosa. Jibu lililotakiwa ni Waingereza.

Nimesomesha historia katika shule za msingi hapa Kisauni mpaka nikastaafu, na simlaumu mwalimu wa mtoto, anasomesha alivyosomeshwa. Naandika kwa sababu mtoto yule alikuwa karibu na ukweli kuliko kitabu chake, na kwa sababu sisi wa Rabai, Kisauni na Frere Town tunayo haki ya kuusikia ukweli huo ukisemwa mchana.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, baada ya Waingereza kumtishia kwamba manowari zao zitaziba bandari yake. Hayo ni kweli na hakuna anayeyakana. Lakini mkataba ule ulikataza kuuza watu na kuwasafirisha baharini. Aliyekwisha kununuliwa alibaki mali ya bwana wake. Unguja na Pemba sheria iliendelea kumtambua kuwa mtumwa hadi 1897, na huku kwetu, pwani ya Kenya, hadi 1907. Masuria waliachwa nje hata ya ile hati ya 1897, wakasubiri hadi 1909. Basi mtu aliyekuwa akipimiwa ngwe yake ya kulima kila asubuhi katika mashamba ya mtama na ufuta ya Malindi, siku soko lilipofungwa, alikuwa na miaka 34 ya kungoja. Kama angengoja.

Hawakungoja. Mwaka ule ule wa mkataba, watumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani waliasi, wakajenga boma lao Kikogwe, na askari wa Sultani wakashindwa kuwatoa. Kaskazini, kwenye Mto Juba, watoro walilima na kujilinda wenyewe chini ya Nassib Bundo, aliyekuwa mtumwa kama wao. Na bara ya Malindi na Takaungu palikuwa na Fuladoyo, mji wa Wagiriama Wakristo uliowapokea watoro kutoka mashambani. Wenye watumwa waliuvamia, na watu wakapoteza maisha kwa kosa la kumfungulia mlango mtu aliyekimbia. Nani leo anapelekwa na shule yake kuona mahali hapo?

Rabai ndiyo ninayoijua zaidi, maana nyanya yake mama yangu alifika huko akiwa mtoro. Wengi hudhani misheni ya Kikristo iliyokuwa huko ilifungua mikono tu na watu wakaingia. Haikuwa hivyo. Wakubwa wa misheni, wakibanwa na balozi wa Kiingereza aliyekuwa Unguja, walitoa amri kwamba watoro wasipokewe, kwa kuwa kwa sheria ya nchi walikuwa mali ya watu. Balozi yuleyule ambaye vitabu vyamsifu kwa kufunga soko! Aliyewapokea licha ya amri hiyo ni William Jones, Mwafrika aliyetekwa utotoni, akaokolewa baharini na kusomeshwa India, kisha akarudi Afrika Mashariki na wenzake walioitwa Waafrika wa Bombay. Yeye ndiye aliyekuwa akiiangalia Rabai. Watu walipofika wakiwa na njaa, wengine na makovu ya viboko, hakuuliza hati ya bwana wao. Aliwaonyesha pa kujenga na pa kulima.

Kufikia 1888 watoro walikuwa wengi mno kufichika. Wenye mashamba wa Mombasa walitaka watu wao na wakatishia kwenda kuwachukua kwa silaha. Wakati huo George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ndiyo kwanza ameshuka Mombasa, na kule Pangani Abushiri na wenziwe walikuwa wamekwisha kuinuka dhidi ya Wajerumani. Mackenzie aliona moto ule ungeweza kumfikia. Akatoa fedha, wenye watumwa wakalipwa, na mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa Rabai na katika vituo vingine vya misheni wakapewa karatasi za uhuru.

Someni tena mpangilio wa mambo hayo. Kwanza watu walikimbia. Wakalima, wakaoa, wakazaa, wakawa mji. Ndipo mwenye nguvu akalazimika kulipa ili apate utulivu wake. Sisemi Mackenzie hakufanya jema. Nasema kalamu yake ilikuja nyuma ya miguu ya watu wale, na hiyo ndiyo sehemu inayokatwa katika masomo.

Hata usawa nao walilazimika kuupigania, tena ndani ya misheni yenyewe. Hapo Frere Town, makao yaliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, msimamizi Mzungu aliwachapa viboko watu waliokuja kutafuta pa kuepukia viboko, mpaka malalamiko yakamfikia balozi. Jones na mwenzake Ishmael Semler walifanywa mashemasi mwaka 1885 na Askofu Hannington, lakini kuvaa kanzu ya shemasi hakukuwafanya wahesabiwe sawa na wamishonari wa Kiingereza, si katika mshahara, si katika madaraka. Waliyasema hayo wazi, na walichukiwa kwa kuyasema. Huyu Jones ndiye aliyefuatana na Hannington hadi karibu na Uganda, na askofu alipouawa ni yeye aliyewarudisha Rabai wapagazi waliobaki. Hannington anajulikana sana. Jones nimemtaja mbele ya walimu wenzangu, wakaniuliza ni nani.

Nami naona kunyamaza huku kuna faida kwa mtu. Sheria ya 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, aonyeshe ana pa kukaa na njia ya kujilisha. Bwana ndiye aliyelipwa fidia. Huku kwetu 1907 ilikuwa vivyo hivyo: fidia kwa mwenye mtumwa, na aliyefanya kazi bila ujira maisha yake yote akatoka na nguo aliyovaa. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi iliyotaka kila anayedai shamba pwani apeleke madai yake. Waliokuwa na karatasi na waliojua mlango wa ofisi wakapata hati. Aliyekuwa mtumwa jana, pamoja na Wamijikenda wengi, akajikuta analima ardhi ya mtu mwingine. Wajukuu wao ndio masikwota tunaowasoma katika kurasa zako, Mhariri, kila tingatinga linapobomoa nyumba. Ukimfundisha mtoto kwamba utumwa ulikwisha kwa hisani, hataona uhusiano wa mambo haya mawili.

Kwetu tulifunzwa kusema sisi ni Wanyasa wa Rabai, yaani watu wenye asili ya upande wa Ziwa Nyasa, na tuishie hapo. Mpaka leo zipo posa zinazovunjika kwa sababu mtu amechimba asili ya mtu. Mimi nasema hadharani: natokana na mwanamke aliyeliacha shamba la bwana wake usiku, na ukoo wangu hauna cha kufichia hilo.

Sina ugomvi na makumbusho ya mmishonari Krapf yaliyopo Rabai, wala na kengele ya Frere Town pale Kengeleni. Nataka mambo matatu yafanywe na wanaohusika. Watunzi wa vitabu vya shule waandike Fuladoyo, Kikogwe na Rabai katika sura ileile ya mkataba wa 1873, si katika sanduku dogo pembeni. Serikali ya kaunti iweke bango linalomtaja William Jones pale alipofanyia kazi. Na familia zenye karatasi za uhuru za mababu, zilizokunjwa ndani ya Biblia na masanduku ya bati, zikubali kuzipeleka zipigwe picha na kuhifadhiwa kabla mchwa hawajazimaliza. Ya kwetu nitakuwa wa kwanza kuipeleka.

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa