Salamu za Idi kutoka Wete, Pemba

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa na majirani wa Wete na Mtambwe, nanyi mliotawanyika Unguja na Dar es Salaam: mwezi umeandama. Kulu am wa antum bikheir. Mola azikubali saumu zetu, awaponye wagonjwa, na waliotutangulia awalaze pema.

Mwaka huu tumefunga kwa tabu. Mchele, sukari, mafuta, hata nazi, kila kitu juu. Nyumba zilizozoea kutoa sahani tatu za futari kwa jirani safari hii zimetoa moja, muhogo wa nazi mtupu, na mtoto aliyetumwa akaipitisha mlangoni huku anaona haya. Msione haya. Mimi nimekula sahani hizo.

Kwetu hapakuwa na wa kupika. Mama alifariki Mfungo Sita. Siku tatu turubali lilijaa, khitma ikasomwa, viti vikarudishwa, watu wakaenda zao. Nikabaki na nyumba. Nilikuwa silali, adhana ya alfajiri inanikuta macho, na mwili hauinuki. Wako waliosema sina subira, wako waliosema nimeingiwa na shetani. Jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye tulikuwa tumenuniana kwa ugomvi wa maji ya mfereji, alikuja jioni moja na muhogo wake na kisu, akakaa ukumbini kwangu akamenya. Hakuniambia nisubiri. Hakuniuliza kitu. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa. Siku ya tisa au ya kumi nikamwambia, "Nipe na mimi kisu." Ndiye aliyenipeleka hospitali baadaye, akaningoja kwenye benchi mpaka nilipomaliza kuzungumza na daktari. Mwenyezi Mungu amlipe, maana mimi siwezi.

Kisiwa hiki kinajua kufiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache tu baada ya Idi, meli ya Spice Islander ilizama ikija Pemba na watu wetu. Mnakumbuka tulivyoshikana: nani alipika, nani alichukua watoto wa nani akawalea na wake. Tulikwenda kwa sababu msiba ule ulionekana. Lakini kijana aliyekaa miaka bila kazi, mama aliyeachwa na watoto wanne, mzee aliyeacha kuja barazani, misiba yao haina turubali, basi hatuendi. Tunasema kajitenga, ana kiburi, ana shetani. Na mtu akipelekwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, ukoo mzima unaficha kana kwamba kaiba.

Jamani, tumche Mungu. Presha tunaitibu, sukari tunaitibu. Sonona, ile huzuni isiyoondoka, nayo ni maradhi. Dua isomwe na dawa inywewe, hazigombani. Wazee wa baraza, mwenzenu asipoonekana kwenye kahawa wiki nzima, tumeni mtu. Akina mama wa upatu, aliyeshindwa kutoa mara mbili msimtangaze, mwendeeni. Na nyinyi vijana mlio mbali, pesa mnazotuma tunashukuru, lakini pigeni na simu msikie sauti ya mtu. Siku hizi nne watoto watakuwa kwenye viwanja vya Tibirinzi na mkono wao wa Idi. Sisi tupite nyumba kwa nyumba, na ule mlango uliofungwa tusiuruke. Tutaulizwa juu ya jirani, wallahi tutaulizwa.

Hii ni Idi yangu ya kwanza bila ya mama. Kanga zake bado sijazigawa. Biriani hakuna mwaka huu, lakini tambi zipo na chai ya mchaichai ipo, na siku zote nne nitakuwa nyumbani. Piteni mlango wa uani, sitoutia komeo.

Minal aidina wal faizina.